Teksi Isiyotaka Kuwa Sufuria

Ulipita ukageuza uso, kana kwamba teksi hii haikumkimbiza mama yako hospitali akuzae wewe.

Binti wa marehemu dereva alikuwa ameshaichomelea bodi iliyooza na kuipaka rangi. Ilibaki injini tu, iliyoganda kwa kutu, na lori la manispaa linalozoa magari yasiyotembea lilishakata kona.

"Wifi, hilo gari waachie wakaliyeyushe liwe sufuria," mke wa kaka yake alimtania.

"Nyamaza, nishikie tochi!"

Akaulalia mpini wa spana kwa kifua. Krenki, mhimili wa injini, ikalia, ikasogea upana wa kidole. Akaulalia tena, ikazunguka.

"Imeachia, wifi! Imeachia!" Akacheka huku machozi yakimtoka.

Betri haina nguvu, na hao wa manispaa wanakuja. Wewe uliyegeuza uso, weka mkoba wako chini, njoo usukume!