Anwani Aliyoijua Salme

Fundi alikuwa akikunja waya wa kampuni ya zamani ya intaneti pale Bi Raya alipokumbuka anwani yake ya barua pepe, aliyopewa na kampuni hiyo pamoja na laini. Akaipigia simu kampuni hiyo.

"Ile anwani nataka nibaki nayo," alisema. "Binti yangu Salme aliondoka kwa hasira miaka tisa iliyopita, na hana nyingine anayoijua."

"Imefungwa asubuhi hii pamoja na laini, mama," karani alijibu. "Barua zote zimefutika."

"Basi si neno. Hajawahi kuandika."

Karani alibofya kompyuta yake. "Kwenye orodha ya zilizopokelewa naona kuna moja iliingia jana. Haikufunguliwa."

"Ya nani?"

"Hilo halionekani tena, mama."

Fundi aliuvuta waya amalizie kuukunja. Haukuja. Bi Raya alikuwa ameshika ncha yake kwa mikono miwili.