Kila Mtoto na Mamake

"Karani hodari kuliko wote ofisini ni mimi," alijisifu Bi Zawena, "maana karani niko peke yangu."

Majina elfu arobaini ya wakazi wa mji yalitakiwa kuingia kwenye kompyuta kabla ya adhuhuri, la sivyo angepoteza kazi. Mashine ilijikokota, kwani kwa kila mtoto ilikagua kwanza kama mamake yumo. Bi Zawena akauzima ukaguzi huo, akayasukuma majina elfu elfu. Yakamiminika kama mchele guniani.

Mkuu wake, Mwinyikai, akaja. "Ukaguzi uliuacha umewashwa, mama?"

"Umewaka tangu asubuhi, bosi wangu. Kila mtoto yuko na mamake."

Mkuu akatafuta jina lake, akasoma, akavua miwani.

"Mwanangu Tunu yuko chekechea. Humu imeandikwa yeye ndiye aliyenizaa."

Bi Zawena akashika ncha ya khanga, akaanza kukipangusa kioo cha kompyuta pale penye jina la Tunu.