Mstari wa Kujaribia

"Kitendawili," bibi alisema.

"Tega."

"Nyumba tele, hazina mlango wala mtu."

Fundi wa kompyuta alicheka. Ni vile viboksi vilivyojaa kwenye kioo cha kompyuta ya bibi, ambamo barua pepe za binti yake zilikuwa bado zikiingia, kila mjukuu alipoandika kwa Kijapani. Mjukuu alikuwa akimwandikia mama yake, huyo binti wa bibi, aliyekuja kusalimia akaugua, akafa, akazikwa juma lililopita. Mtoto kule kwao Japani alikuwa hajaambiwa. Baba yake bado alikuwa akitafuta maneno.

Fundi alibadilisha programu ya barua pepe, ikagoma. Akaweka nyingine, pamoja na ya kuandikia Kijapani. Viboksi vikafumuka vikawa herufi, nyembamba kama miguu ya sisimizi. Bibi akazipapasa kwa kidole, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

"Hii ndiyo yenyewe, bibi. Hata kutuma, nimeshajaribu."

"Umejaribu vipi, baba, na Kijapani hukijui?"

"Nimenakili mstari mmoja wa marehemu, katika barua alizotuma zamani, nikamtumia mjukuu wako. Tafsiri yake hii hapa: 'Vaa viatu, nakuja kukuchukua.'"

Kidole cha bibi kiliganda kwenye kioo.

"Umetoka kwa jina la nani?"

Fundi alitazama juu ya kioo, kwenye jina la marehemu.

Kompyuta ikalia. Herufi zilikuwa zimefika nzima, hakuna kiboksi hata kimoja. Fundi akasoma tafsiri.

"'Mama, nimeshavaa. Nipo mlangoni.'"