Maziwa ya Mwalimu

Tone la iodini liligusa maziwa, na rangi ya bluu iliyokaribia weusi ikatanda mpaka chini ya kichupa cha kioo.

Esteria alikitikisa. Rangi ikazidi kukolea. Mihogo ya wenzake darasani ndiyo iliyotakiwa kugeuka hivyo, maana mihogo ina wanga. Maziwa hayana. Unga unao.

Akakumbuka mama yake anavyomfukuza jikoni kila alfajiri, akichemsha maziwa ya kuuza. Mtaa mzima unayasifu kwa uzito. Haya ya kupima Esteria alikuwa ameyapunguza kwenye dumu analompelekea mwalimu wao wa bayolojia kila asubuhi, la mtoto wake wa miezi saba, ambaye kliniki wanasema haongezeki kilo.

Mwalimu akafika mezani. Esteria akakificha kichupa kiganjani.

"Umeleta maziwa ya mama Esteria?" Mwalimu akacheka, akitazama maziwa yaliyobaki mezani. "Hayo hata usihangaike, mwanangu. Andika tu hakuna wanga."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Esteria akaiweka chini, akafumbua kiganja.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ameshakunywa ya leo?"