Jiwe la Mzee Elinihaki

Kaburi la Mzee Elinihaki lilikuwa limemezwa na magugu. Siku hizi kila mtu aliijua sheria: anayemsimamishia ndugu yake jiwe ndiye atakayezikwa juu yake, shimo lilelile, na asiyesimamisha jiwe huchomwa tanuruni pamoja na taka za mji. Makaburi mengine ya ukoo yalikuwa yameshawahiwa. Hili halikugombewa na mtu.

Nakunda, binti yake wa pekee, alikuwa amejikaza kulichukua. Hakutaka wanawe wakose mahali pa kumlilia. Alikuwa akipatana na fundi wa mawe, mara akamwona mama yake anakuja, akiuburuta ule mguu uliovunjwa na marehemu.

“Fundi, andika jina langu,” mama alisema. “Ninayesimamisha jiwe ni mimi.”

“Mama! Si uliapa ni heri tanuru kuliko huyu?”

“Niliapa.” Akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu. “Fundi, shimo moja linachukua wangapi?”

“Watatu, bibi. Mmoja juu ya mwenzake.”

“Basi mwanangu utakuja juu yangu. Hatakufikia.”

Nakunda akapiga magoti kando yake, akang'oa naye. Zamani, baba alipoingia amelewa, mama alijiweka kati yao hivyo hivyo, akamfunika mwili mzima mpaka fimbo ichoke.

Fundi akakohoa. “Bibi, ulazwe vipi?”

“Chali,” mama alisema, bila kuinua macho. “Nimtazame mwanangu. Huyu mpe mgongo wangu, umeshamzoea.”