Tanzia Mlangoni

Gerwazy Pilch alibandua tanzia mbili kabla hata ya chai ya asubuhi. Moja ilikuwa kwenye mlango wa ukumbi wa mpira wa kikapu, nyingine kituo cha basi: karatasi nyeupe, fremu nyeusi, gundi bado mbichi. Hakuzisoma. Alizikunjakunja akazitia kwenye jiko la makaa, chumbani kwake chini ya majukwaa.

Pale Rudnica, mji wa migodi, hakuna anayebisha hodi kutangaza msiba. Mtu akifa, wafiwa hubandika karatasi milangoni na vituoni, na karatasi ndiyo mwaliko. Ila mwaka juzi mashabiki wa mji jirani walifanya mzaha wa kishenzi. Walibandika tanzia ya timu: "Klabu ya Mpira wa Kikapu ya Szyb imetutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mazishi Jumamosi." Wachezaji waliiona, wakavunjika moyo, wakafungwa kwa tofauti ya alama thelathini. Gerwazy, mtunza ukumbi kwa miaka arobaini, alijifungia chooni akalia. Aliapa hayatajirudia.

Sasa ilikuwa Jumatano, na mechi ya mwisho ya msimu ni Jumamosi. Szyb ilikuwa imeshinda mara tano, imefungwa mara ishirini na nne. Ikifungwa tena inashuka daraja, na ukumbi unafungwa.

Lakini kilichomkosesha Gerwazy usingizi ni Leonard. Leonard Cichoń alikuwa nahodha wa 1978, timu iliyokosa ubingwa wa nchi nzima kwa alama moja. Tangu hapo aliandika matokeo ya kila mechi kwenye daftari lake. Vumbi la mgodi lilikuwa limemmaliza mapafu, na wiki ya tatu hii alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, mbali.

"Usinipigie simu," alimwambia Gerwazy walipoagana. "Daftari liko kwa mke wangu, Halina. Lichukue, uje nalo. Na usiniletee kipigo, ndugu yangu. Nimechoka kuandika vipigo."

Simu ya ukumbini nayo ilikuwa imelia Jumanne asubuhi. "La kuvunda halina ubani, babu!" mtu alicheka, akakata. Ilipolia tena, Gerwazy alichomoa waya.

Alhamisi tanzia zilirudi, saba safari hii. Ksawery, nahodha wa sasa, alikuwa amesimama mlangoni kwa urefu wake wote, anasoma.

"'Ametutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu...'"

"Usisome!" Gerwazy aliipokonya.

"Mzee, hebu tuone kwanza—"

"Tuone nini? Maneno ni yale yale ya mwaka juzi. Ukisoma tu, wameshashinda."

"Hasira hasara, mzee."

"Hasara ni kufungwa. Nenda mazoezini, twiga wewe!"

Ijumaa alizunguka mitaa na ndoo ya maji ya moto na kisu. Duka la mikate, duka la dawa, baa wanakonywea wachezaji wa zamani. Kote alikwangua. Humo baani aliwakuta wazee wenyewe, akawasihi waje ukumbini saa sita mchana, wapige ngoma hadi vijana waingie uwanjani. Wakakubali.

Na kweli Jumamosi walikuja wote, timu nzima ya 1978 iliyobaki, na skafu zao. Kiti cha Leonard walikiacha wazi. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Zikiwa zimebaki sekunde nne, Szyb ikiwa nyuma, Ksawery aliruka akatumbukiza. Sabini na nne kwa sabini na tatu.

Alama moja! Gerwazy alihisi ile iliyopotea miaka yote hiyo imerudi nyumbani. Alikuwa na furaha hata ikamuuma. Hakungoja bia. Alinawa uso, akafunga tai, akakimbia hadi kwenye ghorofa la akina Cichoń kuchukua daftari, asije akakosa basi la saa moja la kwenda hospitali.

Ngazi alizipanda mbilimbili. Mlango ulikuwa wazi.

"Shemeji, tumeshinda!" alipaza sauti. "Nipe daftari nimpelekee!"

Halina alikuwa ameketi peke yake, amevaa nyeusi tupu. Mbele yake meza tatu zilikuwa zimeunganishwa, na juu yake sahani thelathini safi. Supu ya kuku ilikuwa imeganda mafuta kwenye sufuria. Daftari lilikuwa mapajani mwake.

"Leo saa sita makaburini tulikuwa mimi na padri tu," alisema. "Na nilibandika kila siku, Gerwazy. Hata mlangoni kwako."