Stuli Miguu Juu

Niliipiga picha stuli yangu ikiwa miguu juu, viungo vionekane, nikaiweka mtandaoni: "Seremala natafuta kazi." Watu wakalaiki mpaka basi. Kazi, hata ya kupiga msumari mmoja, hakuna.

Leo karakana moja ya mbali ikaandika: "Kazi ipo. Ila bado unamwaga gundi kwenye viungo. Si nilikukanya?"

Msasa ukaniponyoka. Aliyenikanya hivyo ni baba tu, na baba alitoka kununua mbao, nikamaliza shule hajarudi.

Mama, aliyekuwa akifagia maranda, akaichukua simu. Akasoma akichezesha midomo. Nikangoja matusi.

Akakifuta kioo vumbi kwa upindo wa gauni, polepole.

"Muulize," akasema, "kile kikohozi kilipona?"